Gazeti Kavu Chini ya Zulia

Leo hatuleti mshono wa abaya wala pishi la biskuti. Leo tunazungumzia gari, na msishangae, mwisho wake mtaona inatuhusu sote.

Mnaofika dukani kwetu mmeshaiona: Morris Minor ya marehemu baba, ile ya kufunua juu, yenye paa la turubai. Alipofariki, ndugu zetu walichukua vyengine na sisi ndugu wawili wa kike tukachagua gari. Watu walicheka. Washona nguo na gari kuukuu!

Gari hizi zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Aliyezibuni ni Alec Issigonis, na mpaka zinaacha kutengenezwa huko mwaka 1971 zilikuwa zimeshapita milioni moja. Za kabla ya 1956 zina kioo cha mbele cha vipande viwili. Yetu ni ya kioo kimoja kilichopinda, na tunaikodisha kwa maharusi.

Masika ya mwaka jana tulimpeleka biharusi aliyevaa gauni tulilomshonea wenyewe. Alitaka kukaa mbele kwa ajili ya picha. Mvua ikashuka ghafla. Paa tulilifunga upesi, lakini maji yakapita chini ya kioo, yakateremka na kutu yake mpaka kwenye upindo wa gauni. Gauni jeupe, madoa ya rangi ya chai. Yule mtoto hakutugombeza, alilia tu. Tukamrudishia pesa za gari, na upindo tukaubadilisha bure.

Wiki ile ile akaja mtu anataka kuinunua. Pesa aliyoitaja ingelipa kodi ya duka mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunadaiwa miezi mitatu. Jua lilikuwa limetoka, zulia limekauka. Mmoja wetu akasema, "Tupake silikoni kwa juu, hatojua mpaka mvua nyengine." Tuseme kweli, na mwengine hakukataa. Tulinyamaza tu, tukatazamana.

Usiku hatukulala. Tulikumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni tukiwa wadogo, cha Mtume, rehma na amani zimshukie, alivyotia mkono wake ndani ya chungu ya nafaka sokoni akakuta chini imeroa. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiiweke ile iliyoroa juu, watu waione. Sisi chungu yetu ilikuwa gari, na mvua ilikuwa mvua.

Asubuhi tukamwambia yule mtu kila kitu, tukamfunulia zulia. Akashukuru, akasema atarudi. Hakurudi. Mama akatwambia, "Riziki yenu hailiwi na mwengine, wanangu. Itengenezeni."

Basi tukaitengeneza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, pale maji yanapodondokea sipo yanapoingilia. Hutembea ndani ya mpira wa kioo kisha yakatokea mbali. Tulichukua chaki zetu za kukatia nguo, tukazisaga, tukapaka unga wake kwa ndani kuzunguka mpira wote. Mmoja akakaa ndani na tochi, mwengine nje na mpira wa maji, akianza chini na kupanda polepole. Unga unaporoa hubadilika rangi, na mstari wake unakuonesha njia. Tukakuta sehemu mbili: pembe ya chini kushoto, na juu pale turubai linapokutana na fremu ya kioo.

Pili, silikoni ya juu juu inadanganya. Tuliwahi kupakiwa zamani, na mzee fundi alipoitoa tukaona imeyafungia maji ndani, bati limeliwa na kutu. Mpira wa zamani ulikuwa mgumu kama ukuni. Aliukata kwa kisu badala ya kukibangua kioo, maana kioo hakina msamaha. Kutu tukaisugua kwa msasa, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukaacha ikauke siku tatu.

Mpira mpya tuliuagiza Uingereza, kwani huko bado vipuri vyake vinapatikana. Unavishwa kwanza kwenye kioo. Kisha unatiwa kamba katika mfereji wake kuzunguka kote, ncha mbili zikapishana chini katikati. Unapaka maji ya sabuni, unakiweka kioo mahali pake. Mmoja anasukuma kwa viganja kutoka nje, mwengine anavuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira unapinduka wenyewe juu ya bati. Fundi alistaajabu tulivyoshika haraka. Tukamwambia, "Mzee, sisi kila siku tunapindua kola." Mwisho ikapitishwa chini ya ule mdomo gundi laini isiyoganda.

Turubai lilikuwa kazi yetu wenyewe. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Tukashona upya kwa uzi mzito na mishono michache, tukaisugua nta kwa pande zote mbili, na kwenye fremu tukaweka kipande kipya cha mpira.

Mvua kubwa ya kwanza tuliiacha gari nje makusudi, magazeti yametandikwa chini ya zulia. Alfajiri baada ya sala tukatoka na kanga zetu kichwani. Magazeti yote makavu, isipokuwa pembe moja ya kulia, doa la ukubwa wa sarafu. Tukarudia gundi pale, na mvua iliyofuata hapakuwa na kitu.

Deni la duka tumelilipa kidogo kidogo, bado mwezi mmoja. Sasa kila anayekuja kukodi tunamwambia: gari hii iliwahi kuvuja, tumeitengeneza, njoo uangalie. Wawili wameondoka. Wengine wamebaki, na mmoja wao ni dada wa yule biharusi wetu. Alifunua zulia mwenyewe, akapapasa, akasema, "Haya, niandikeni Ijumaa."

Dada zangu, kama kuna kitu unauza na moyo unakwambia kina unyevu chini, kifunue mapema. Mwenyezi Mungu atufungulie riziki ya halali. Amin.