Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele

Dawa ya matende hupimwa kwa fimbo. Mgawa dawa hufika nyumbani na fimbo ndefu iliyochorwa mistari, akaisimamisha wima penye sakafu iliyonyooka, na watu wakasogea mmoja mmoja. Aliyefika sentimita 90 hupewa kidonge kimoja cha ivermectin. Aliyefika 120, viwili. Aliyevuka 140, vitatu, na aliyefika 159, vinne. Juu yake kila mmoja huongezewa kidonge cha albendazole. Mtoto aliye chini ya mstari wa kwanza hapewi, wala mjamzito, wala mama aliyejifungua wiki hiyo, wala mgonjwa mahututi. Mizani huharibika na hubebwa kwa shida. Fimbo haiharibiki.

Mgawa dawa mwenyewe si daktari. Ni jirani aliyechaguliwa na kijiji, anayejua nani amelala shambani na nani anajificha chooni kusubiri apite. Mtindo huo wa kijiji kujichagulia wagawaji ulienea Afrika kutokana na mapambano dhidi ya usubi, ule upofu unaoletwa na nzi wa mitoni, ambayo yaliendeshwa na mpango wa bara zima kati ya 1995 na 2015. Ukiishi bonde lenye Mto Kiwira, Mbaka na Lufilyo, huhitaji kuelezwa nzi wa mitoni ni nani.

Mpango unaoleta vidonge hivyo una jina refu: Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele. Kiingereza huyaita magonjwa yaliyopuuzwa, basi, bila kusema ni lini. Sisi tumeyapa wakati. *Yaliyokuwa*. Mtu akilisoma jina hilo kwenye bango la kampeni anaelewa kwamba kupuuzwa kumekwisha. Mimi nina sababu ya kulitilia shaka neno hilo, na sababu yenyewe ni mguu wa bibi yangu.

Bibi, mama yake mama, ana tende kwenye mguu wa kushoto tangu kabla sijazaliwa. Anaishi upande wa Ipinda, ambako maji ya mvua za Aprili hukaa mashambani kiasi cha mpunga kufurahi na mbu kufurahi zaidi. Mwaka mmoja nilikuwepo kingatiba ilipopita. Alimeza vidonge vyake, akarudisha kikombe, akamwambia mgawa dawa "ndaga", kisha akaniuliza mimi niliyesoma:

"Hii itapunguza mguu?"

"Hapana, bibi. Inazuia ugonjwa usienee."

Akafikiri kidogo. "Kumbe tunawamezea nyinyi."

Sikuwa na cha kuongeza, kwa sababu alikuwa amelielewa jambo lote. Matende na mabusha huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, unaokaa kwenye mishipa ya limfu. Mnyoo mkubwa huzaa watoto wadogo sana ambao huingia kwenye damu, mara nyingi usiku, na mbu akiuma usiku huohuo huwabeba kwenda kwa mtu mwingine. Ivermectin na albendazole huwasafisha wale wadogo. Mnyoo mzazi habughudhiwi sana. Huishi miaka kama mitano au zaidi, na akipata nafasi huzaa tena. Ndiyo maana dawa hurudiwa kila mwaka, angalau miaka mitano mfululizo, na watu wengi kwa pamoja, mpaka mzazi afe kwa uzee bila mbu kupata cha kubeba. Mguu uliokwisha kuvimba miaka mingi hauhusiki na hesabu hiyo. Mishipa yake imeharibika tayari.

Kwa maneno mengine, bibi alikuwa anamezea wajukuu.

Na kumeza huko kumezaa matunda. Dawa za matende zilianza kugawiwa Kyela 2009. Kabla ya hapo, vipimo vya damu vilionyesha alama za mnyoo huu kwa zaidi ya robo ya watu waliopimwa. Miaka kumi baadaye walibaki wachache tu katika kila mia. Tunajua hivyo kwa sababu kulikuwa na watu waliopima, na hapo ndipo habari ya fedha za Ulaya inapoingia.

Kuanzia 2006, Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Ludwig Maximilian cha München, kilifuatilia karibu watu 18,000 katika maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya wa wakati ule. Kyela lilikuwa eneo mojawapo. Gharama zilitoka kwa sehemu kubwa Umoja wa Ulaya. Watafiti walirudi kwenye kaya zilezile mwaka hadi mwaka, wakauliza maswali, wakachukua damu, wakaigandisha. VVU ilikuwa miongoni mwa hoja kuu za utafiti huo. Mnyoo wa matende haukuwa swali la kwanza la mtu yeyote.

Lakini damu ilikuwepo. Baadaye watafiti wakaitoa kwenye majokofu, wakaipima upya kutafuta mnyoo, kisha wakalinganisha na nani aliambukizwa VVU katika miaka iliyofuata. Matokeo yalichapishwa 2016 katika jarida la The Lancet: watu wa Kyela waliokuwa na mnyoo wa matende waliambukizwa VVU kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wasiokuwa nao, hata baada ya kuzingatia umri na mwenendo wa kimapenzi. Inadhaniwa mnyoo unauchokoza mfumo wa kinga kwa namna inayofanya virusi vipate mlango rahisi.

Nilipousoma utafiti ule niliwaza watu wa nyumbani walionyoosha mkono wakachomwa sindano kila mwaka. Damu iliyotolewa kwa swali moja ilijibu swali jingine, kwa kuwa kuna aliyelipia umeme wa jokofu kwa miaka mingi, na kaya zilezile zilikubali kugongewa mlango tena na tena. Fedha peke yake isingetosha. Fedha iliyokaa ndiyo iliyotosha.

Sasa tazama namna Ulaya inavyopanga fedha za afya, kwa sababu ndani yake kuna somo hata kwetu. Ndani ya Umoja wa Ulaya, hospitali na madaktari ni kazi ya kila nchi, na mkataba wa Umoja unasema hivyo. Brussels haiendeshi zahanati Ureno wala Poland. Inachoweza kufanya ni kuchangia juu yake. Baada ya UVIKO-19 walianzisha mfuko uitwao EU4Health, wa 2021 hadi 2027, wenye euro bilioni 5.3 kwa ajili ya maandalizi ya milipuko, saratani, akiba ya dawa na mambo ya namna hiyo. Mwaka 2024 viongozi wao walipopanga upya bajeti, wakakata bilioni moja. Hata kwao, kwa raia wao wenyewe, afya ikikaa kwenye mfuko wa nyongeza ndiyo rahisi kupunguzwa.

Kwa ajili ya Afrika kuna mfuko mwingine, EDCTP, ubia wa nchi za Ulaya na nchi za Afrika wa kugharamia majaribio ya dawa na chanjo, ulioanza 2003. Awamu yake ya kwanza ilikuwa na magonjwa matatu: UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Matende hayakuwemo. Magonjwa haya yaliingizwa awamu ya pili, iliyoanza 2014, na awamu ya tatu iliyozinduliwa 2022 imetengewa na Umoja wa Ulaya hadi euro milioni 800. Kwa hiyo *yaliyokuwa* ni kweli, ukisimama Brussels. Kuna tarehe kabisa ya kuonyesha.

Vidonge vyenyewe hatununui. Kampuni ya Merck imekuwa ikitoa ivermectin bure tangu 1987, kwanza kwa ajili ya usubi, na kampuni iliyokuja kuwa GSK iliahidi albendazole 1998. Kinachogharimu ni kila kitu kingine: lori, mafuta ya pikipiki, semina, madaftari, posho ya jirani mwenye fimbo, kupima watoto wa miaka sita na saba kujua kama maambukizi yamekoma kweli. Sehemu kubwa ya gharama hizo katika nchi nyingi za Afrika imelipwa na Wamarekani na Waingereza. Mwaka 2021 Uingereza ilishusha misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5, na programu yake kubwa ya magonjwa haya katika nchi nyingi za Afrika na Asia ikafungwa kabla ya muda. Februari 2025 ikatangaza kwamba itafika 0.3 ifikapo 2027. Mwezi mmoja kabla, Marekani ilikuwa imesimamisha misaada yake ya nje kwa amri ya siku moja.

Mnyoo hausomi magazeti. Una miaka yake mitano ya kuishi, pengine saba, na hauijui bajeti ya Brussels wala uchaguzi wa Washington. Ukigawa dawa miaka mitatu ukaacha, mnyoo mzazi yupo bado, na mbu wa mashamba ya mpunga hawajaenda popote. Hofu yangu haihusu ukubwa wa msaada. Msaada mdogo uliokaa miaka kumi ndio uliotufikisha hapa. Ninachohofia ni kalenda mbili zisizofahamiana, ya ugonjwa na ya fedha, huku sisi tukiishi katikati bila kalenda ya kwetu.

Na kuna kalenda ya tatu, ya mguu. Hii haina mwisho wa mradi. Mguu wenye tende unataka kuoshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, kukaushwa hadi katikati ya vidole, kupakwa dawa penye mchubuko, kuinuliwa usiku, kuchezeshwa. Ukifanyiwa hivyo, zile homa zinazomlaza bibi siku nne na mguu ukiwaka moto hupungua sana. Kwa wanaume wenye mabusha kuna operesheni, isiyo ngumu kwa hospitali yenye daktari na vifaa. Shirika la Afya Duniani linaitaka nchi ionyeshe mambo mawili kabla ya kutangazwa imeshinda: kwamba maambukizi yamekoma, na kwamba huduma kwa waliokwisha kuumia ipo. La kwanza lina fimbo, fulana na mabango. La pili, kwa bibi, lilikuwa ni muuguzi mmoja wa zahanati moja aliyemwambia: "Huo ni wa siku nyingi, mama, uzoee tu."

Simlaumu sana yule muuguzi. Hakuna aliyempa sabuni ya kugawa wala saa ya kufundisha.

Hata hivyo ipo fedha ambayo ingeweza kumpa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ina Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambamo nchi kama Denmark, Ireland na Uswisi zimekuwa zikitia fedha pamoja bila kila moja kuja na mradi wake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za mfuko huo huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hata zahanati ya kijiji, na kamati ya kituo, yenye wanakijiji ndani yake, hushiriki kupanga matumizi. Mlipakodi wa Copenhagen anaweza kuwa amechangia glavu za zahanati asiyoweza kuitamka. Hiyo naiona ni namna ya heshima zaidi ya kusaidiwa, kwa sababu uamuzi wa mwisho unakaa mezani kwetu. Lakini mezani kwetu ndipo mguu wa bibi unapokosa kutajwa. Kamati hununua kinachosimamisha watu kwenye foleni: dawa za malaria, vitendanishi, vifaa vya kujifungulia. Wenye matende hawaji kwenye foleni. Waliambiwa wazoee, wakazoea.

Mwaka 2001, pale Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na bajeti zetu nyingi tangu hapo zimebaki chini ya hapo. Mwaka 2023 tukapata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Naitakia mema. Ila najua bima hulipia huduma iliyokwisha kuandikwa kwenye orodha ya mafao, na orodha huandikwa na watu waliowahi kuuona ugonjwa. Kwa hiyo ombi langu ni dogo na ni la nyumbani. Mradi wa mnyoo utakapoondoka, kwa ushindi au kwa kukatiwa fedha, mgawa dawa ana jambo moja ambalo hakuna kompyuta ya wizara inalo: anajua kila nyumba yenye mguu. Amezipitia mwaka hadi mwaka. Mtu akae naye, na daftari, aandike majina. Kisha majina yale yapelekwe kwenye kikao cha kamati ya zahanati kabla bajeti haijafungwa, na pembeni ya kila jina iandikwe gharama yake: beseni, sabuni ya mche, taulo, tyubu ya dawa, na safari moja ya muuguzi kwa mwezi.

Nimeipigia hesabu orodha hiyo kwa bei za sokoni Ipinda, kwa mtu mmoja, kwa mwaka. Inaingia kwenye nusu ukurasa.