Nyumba ya Uzeeni na Picha Zake



Mtu akijenga nyumba ujanani, huuliza: watoto wangu watalala wapi? Akijenga karibu na kustaafu, huuliza mengine: je, magoti yangu yatapanda ngazi? Na vitu nilivyovipenda maisha yangu yote vitakaa wapi? Maswali hayo nayasikia katika kazi yangu ya kuchora ramani za nyumba hapa Kamatanda, mjini Likasi.

Kwetu jambo hili ni zito. Tangu zamani, mji ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, wafanyakazi wengi wa Union Minière walikaa katika nyumba za kampuni. Mtu aliyekulia katika nyumba ya kazi ajua kwamba kazi ina mwisho, tena hutamani ukuta ulio wake mwenyewe.

Basi walinijia mume na mke, wote wawili wakikaribia kustaafu. Walikuwa na kiwanja chembamba, fedha ya kiasi, na picha 31. Nyingine walizinunua wenyewe, kidogo kidogo, kwa mishahara yao. Nyingine aliziacha baba wa yule mume, aliyezinunua miaka ya 1970, wachoraji walipopita mitaani wakiuza picha zilizochorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga.

Msicheke mali hiyo. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na humo alikua Pilipili Mulongoy, mchoraji wa ndege na samaki. Naye Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi yetu katika picha 101, miaka ya 1973 na 1974. Picha za namna hiyo watu wa Katanga waliziita ukumbusho. Zilitundikwa sebuleni ili mgeni aulize, na mwenyeji asimulie.

Picha ina adui watatu: jua, unyevu na moshi. Huku kwetu jua la kiangazi hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo niliilaza nyumba kutoka mashariki hata magharibi, nikarefusha paa la kaskazini liwe kibaraza. Picha niliziweka katika kuta za ndani, zisizopigwa na mvua. Chini ya dari nilichora ubao mwembamba wa kufungia kamba, ili picha zihamishwe bila kutoboa ukuta, na nyuma ya kila picha hewa ipite. Jiko la mbabula nililitoa nje, chini ya paa lake. Ngazi sikuweka hata moja, na bafu liko karibu na chumba cha kulala.

Hayo yote walikubaliana. Lakini picha moja iliwagawanya. Yaonyesha siku za utawala wa Wabelgiji: mfungwa amelazwa chini, askari anampiga, na afisa mzungu amesimama akitazama. Baba alitaka iwe mbele ya mlango.

"Fundi," akasema Mama, "sitaki wajukuu waikute mlangoni."

Baba akajibu, "Baba yangu aliinunua kwa kuwa mambo hayo aliyaona kwa macho yake. Nikiificha, nimemficha yeye. Hata Rozari yatukumbusha Bwana wetu alivyopigwa mijeledi."

"Ni kweli, baba. Lakini Rozari haina matendo ya uchungu peke yake. Tena husaliwa na mtu. Haimrukii mtoto mlangoni."

Majuma mawili ramani ilisimama. Mama alisema afadhali wabaki katika nyumba ya kupanga.

Nikayatafakari maneno yake, nikaona kwamba ameshanipa ramani. Karibu na mlango nikaweka ndege na samaki, na picha za mavuno. Katikati ya ukumbi nikauingiza ukuta ndani kidogo, mahali pa picha ile, na mbele yake benchi la watu wawili. Mtu hawezi kuiona akiwa mlangoni. Lazima aingie kwanza, asalimiwe, aketi. Mwisho wa ukumbi kuna dirisha kubwa linalotazama bustani, na kando yake sanamu ya Bikira Maria.

Baba alilitazama benchi kwenye karatasi, akauliza, "Hili la pili ni la nani?"

Mama akamjibu, "La mjukuu. Utaketi naye, umweleze."

Wakatia sahihi siku ile ile.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna picha 31. Lakini kila mzee ana ukumbusho wake, wa furaha na wa uchungu. Tusiwafiche watoto mateso ya babu zao, wala tusiwaache wakutane nayo peke yao. Ukimwita fundi akuchoree nyumba ya uzeeni, mwambie habari ya paa na ya ngazi. Kisha mwambie aache nafasi ya benchi la watu wawili.