Huyu wa Mirembe

Sisi tuliokulia Dodoma tunalijua tusi hili tangu utotoni: ukifanya kioja kidogo tu, wenzako wanacheka, "Huyu wa Mirembe!" Kwa hiyo sonona iliponikamata, Mirembe, hospitali ile ya magonjwa ya akili ya enzi za mkoloni, ndiyo niliyoikimbia kuliko zote.

Nilikuwa naamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Cherehani yangu pale Makole ikashika vumbi, vitambaa vya wateja vikalala kwenye mifuko. Ugali na mlenda niliokua nao ukawa kama mchanga mdomoni. Nikanunua unga wa mlonge, kisha chupa ya majani ya kuchemsha ambayo muuzaji aliapa "inasafisha ubongo". Miezi minne nakunywa, hali ni ileile. Mlonge una vitamini na madini, siukatai. Ila yangu haikuwa njaa ya vitamini.

Dada yangu ndiye aliyenishika mkono hadi Mirembe. Daktari aliniuliza habari za usingizi, za chakula, na kama nimewahi kutamani kufa. Nikalia. Nilipotoa ile chupa kwenye mkoba, aliigeuzageuza.

"Mama, hiki hata mimi sikijui. Mimea nayo ni dawa, mingine inagombana na za kwetu. Kiweke kando kwanza."

Akaniandikia vidonge, akanionya kuwa vitachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, nisivikatishe. Kisha akaongeza: kutembea kwa haraka, dakika 30, siku 5 kwa wiki.

Siku ya kwanza upepo wa Julai ulinirudisha nikiwa sijafika hata barabara ya lami. Kesho yake nikajifunga khanga mbili, dada akanisindikiza. Baada ya wiki kadhaa nikawa nafika Uwanja wa Jamhuri na kurudi.

Asubuhi moja, njiani, nikasikia harufu ya maandazi na tumbo likanguruma. Njaa! Nilikuwa nimeisahau. Nikasimama palepale nikacheka peke yangu. Aliyeniona bila shaka alisema, "Huyu wa Mirembe." Hakukosea.

Mlonge bado naupenda, lakini kama mboga. Nawe unayehesabu mabati ya paa saa tisa usiku, nenda ukaonwe. Kama una chupa yako, usiifiche, nenda nayo.