Karatasi Niliyotia Sahihi

Niliandika kwamba nyumba ile haiwezi kukarabatiwa, nikatia sahihi, nikapiga na muhuri. Msingi wake sikuwa nimeuchimbua kuutazama. Hilo ndilo kosa langu, na nimelinyamazia muda mrefu mno.

Tulikuwa tukitafuta mahali pa kujenga jumba jipya la tribinali katikati ya Butembo, mashariki mwa Kongo. Kiwanja tulichokitaka kilikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma ya wakati wa Wabelgiji, enzi za kampuni ya madini ya MGL. Haikuwa na urembo. Ilikuwa na barza pana pande tatu, na siku ambazo kesi zilisikilizwa mle ndani, watu walijaa madirishani wakifuata kila neno. Kifungu cha 20 cha Katiba yetu ya 2006 kinataka vikao vya mahakama viwe vya hadhara. Pale hadhara ilikuwepo kweli. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee anayegombea mpaka wa shamba, ndugu wa kijana aliyekamatwa kwenye hifadhi ya wanyama, wote walipata pa kujikinga mvua.

Mzee mmoja wa mtaa aliniambia: "Mwanangu, jengeni huko upande wa Rughenda, kuelekea kiwanja cha ndege. Hii iacheni." Nikamjibu kwamba tribinali lazima ikae katikati ya mji. Moyoni nilikuwa nimeshaupenda mchoro wangu: vioo toka chini hadi juu, ngazi pana, ukumbi uliofungwa wenye viyoyozi, katika mji ambao kwa miaka mingi uliwashwa na jenereta. Barza haikuwemo. Anayengoja zamu yake angengoja kwenye ngazi, juani au mvuani.

Ili mchoro upate kiwanja, nyumba ilibidi ihukumiwe. Pembe ya nyuma ilikuwa na ufa mrefu. Nikaupiga picha, nikaandika kwamba ukuta umechoka. Ukweli ni kwamba mfereji wa bati ulikuwa umeoza, na maji ya paa yalimwagika palepale mwaka baada ya mwaka, yakala udongo chini ya pembe. Butembo ni mji wa miteremko. Maji yasipoongozwa hula barabara, hula na nyumba. Fundi mzuri angeichimbua pembe ile kipande kwa kipande, akaijaza mawe na saruji, akaweka mfereji mpya na mtaro wa kuyatoa maji. Kenchi zilizoliwa na mchwa zingebadilishwa. Basi.

Siku ya kubomoa ndipo nilipoona. Vijana walipiga nyundo hadi wakavua mashati. Kuta zilianguka mapande makubwa, matofali yakiwa bado yameshikana. Chini, msingi wa mawe ulikuwa umelala sawa, isipokuwa pale pembeni tu. Ningeweza kusimamisha kazi. Sikusimamisha, maana paa lilikuwa limeshatoka na niliona aibu mbele ya wale walioniamini. Matofali yakauzwa.

Uchungu wangu unazidi kwa sababu mfano niliujua. Kule Johannesburg, Mahakama ya Katiba iliyofunguliwa mwaka 2004 ilijengwa penye gereza la zamani, walimofungwa Gandhi na Mandela. Jengo la mahabusu lilibomolewa, lakini matofali yake yakatumika katika ukumbi wa mahakama, na ngazi zake zikaachwa zimesimama. Picha za jengo hilo niliwahi kuwaonyesha wanafunzi, nikizisifu. Nyumbani nikafanya kinyume.

Fedha za jumba jipya hazikuja. Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri, kesi za jinai za raia zilipelekwa kwenye mahakama za kijeshi, na mradi wetu haukutajwa tena. Kiwanja kimezungushiwa mabati.

Yule mzee nilimwendea, nikamweleza yote, pamoja na habari ya msingi. Hakunigombeza. Aliniuliza kama nimebaki na vipimo vya nyumba ile. Ninavyo, nilipima vyumba vyote kabla ya kuandika ripoti. Nimeanza kuichora upya na barza yake, na nimeandika barua ya kuifuta ripoti yangu, nikaipeleka kwenye ofisi ileile iliyoipokea.