Mgodi wa Mdachi

Najua mnasubiri umbeya wa hosteli na tetesi za boom, lakini leo mtanisamehe. Kuna kisa kimenikaa kichwani wiki nzima, na nisipokimwaga hapa sitasoma hata desa moja.

Huko Arizona, Marekani, mashariki ya jiji la Phoenix, kuna milima inaitwa Superstition. Ni jangwa hasa: miamba ya volkano iliyosimama kama kuta, makorongo, madungusi marefu kuliko nyumba. Kiangazi joto linavuka nyuzi 40 na maji ni ya kubahatisha. Humo ndani, wanasema, kuna mgodi wa dhahabu ambao mwenye siri alikufa nayo.

Mwenyewe aliitwa Jacob Waltz. Wamarekani wanamwita "Dutchman", ukisikia hivyo unadhani Mholanzi. Kumbe alikuwa Mjerumani, na jina limetokana na "Deutsch". Hapa Kiswahili kimewapiga bao, maana wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi tangu enzi zile za ukoloni wao. Basi mimi nauita Mgodi wa Mdachi.

Waltz alikufa Phoenix tarehe 25 Oktoba 1891. Mapema mwaka huo mto Salt ulifurika ukamharibia makazi, akaishia kuuguzwa na mama mmoja aliyeitwa Julia Thomas, aliyekuwa na biashara ya mikate. Hadithi inasema kabla ya kukata roho mzee alimwelekeza njia, na chini ya kitanda chake kulikuwa na mawe yenye dhahabu. Mwaka 1892 yule mama akauza biashara, akachukua ndugu wawili wa ukoo wa Petrasch, wakaingia milimani katikati ya joto. Wakatoka mikono mitupu. Baadaye, inasemekana, akawa anauza ramani za kwenda mgodini.

Jamani, hebu tulieni hapo. Mtu anayejua njia ya kwenda kwenye dhahabu, anakuuzia wewe ramani ya nini?

Lakini watu walikwenda, na wanaendelea kwenda. Mwaka 1931 mzee mmoja kutoka Washington, Adolph Ruth, aliingia na ramani zake. Hakurudi. Desemba ya mwaka huo fuvu lake likaokotwa likiwa na matundu, magazeti yakapiga kelele kwamba kapigwa risasi, nchi nzima ikausikia mgodi. Tukaribie zama zetu: Desemba 2009 kijana mfanyakazi wa hoteli kutoka Denver alipotea huko, mwili ukapatikana Novemba 2012. Julai 2010 wanaume watatu wa Utah waliingia kwenye joto lile lile, mabaki yao yakaonekana mapema 2011. Hao walikuwa na familia zinazosubiri simu, si wahusika wa hadithi ya kale.

Nikamsimulia mwenzangu wa rumu. Akaniangalia kama mtu niliyechelewa kuzaliwa. "Kaka, wewe ukiona watu wanakufa ujue kitu kipo. Nani afe kwa ajili ya hewa?"

Nilicheka, ila usingizi ulikata. Maana ndivyo hadithi hii inavyojilisha. Asiyepata, basi hakuelewa ramani. Aliyekufa, basi aliukaribia. Aliyerudi kimya, basi ameupata anaficha. Hakuna jibu linaloweza kuuua mgodi huu, kwa hiyo unaishi zaidi ya miaka 130 bila kutoa hata gramu moja.

Sasa weka pembeni hadithi, tazama kinachojulikana. Waltz alikuwepo kweli, na dhahabu eneo lile ilikuwepo kweli: miaka ya 1892 na 1893 ilipatikana Goldfield, magharibi ya milima ile ile, mji mzima ukaota pale. Ila huko ndani kwenye miamba ya volkano wajiolojia hawaoni dalili ya utajiri unaosimuliwa. Halafu kuna hili ambalo rumu yangu ilinyamaza nilipolitaja: eneo hilo ni hifadhi ya pori, karibu kilomita za mraba 650, na tangu mwanzo wa 1984 hairuhusiwi kufungua madai mapya ya uchimbaji. Yaani ufe kwa kiu, ufufuke, uukute mgodi, bado hauwi wako.

Kwa nini namwaga yote haya wakati mimi ni mtu wa ualimu? Kwa sababu muhula wa mazoezi ya kufundisha unakuja, na kidato cha kwanza kuna mada ya vyanzo vya historia. Tumezoea kuwaandikia ubaoni: faida za masimulizi ya mdomo, hasara zake, nukta tano tano, wanakariri, wanafaulu. Mimi nataka niwape Mgodi wa Mdachi. Niwagawe makundi, niwaulize swali moja: ni kitu gani kikionekana, mtakubali kwamba mgodi haupo? Kundi likishindwa kutaja hata kimoja, hapo somo limeanza. Kwa sababu mtoto yule yule kesho atauziwa dawa ya kila ugonjwa, au mchezo wa fedha unaomfanya tajiri kwa wiki mbili, na muuzaji atakuwa na jibu kwa kila swali, kama wenye ramani za Superstition.

Mwenzangu bado anabisha. Anasema akipata nauli anakwenda, ila msimu wa baridi. Nikamwambia abebe maji ya kutosha, na aniachie redio yake.

Haya wadau, tupo pamoja. Nawahi bwaloni, leo ni siku ya wali nyama.