Toka Pangi Hata Kongolo na Watoto Wanne

Mara nyingi twasoma habari za jamaa za Marekani ambao wakati wa likizo huwapakia watoto katika motokari na kuzunguka mji hata mji, leo Chicago, kesho Saint Louis, mpaka likizo iishe. Habari hizo ni nzuri, nasi tulizisoma nyumbani kwa sauti. Lakini watoto wetu walipozisikia wakatuuliza: "Je, sisi tuna miji?" Tukawajibu kwamba tunayo. Wakauliza tena: "Mmetuonyesha upi?" Hapo tukanyamaza, maana hata mkubwa wao, msichana wa miaka 14, alikuwa hajavuka Kalima.

Tena kulikuwa na sababu nyingine iliyotusukuma zaidi. Nyanya yao watoto, mzaa mama, akaa Kongolo. Mumewe, marehemu, alikuwa mtu wa reli huko Kindu. Kazi ilipokwisha wakarudi kwao. Huyo nyanya alikuwa hajamshika mkono hata mmoja wa wajukuu zake wanne, na habari zilizotufikia zilisema kwamba macho yake yaingia ukungu. Tukafanya hesabu, tukaona kwamba tukingoja miaka miwili mingine, labda atatusikia asituone. Basi tukauza mchele na mafuta ya mawese, tukakopa kidogo kwa ndugu, na likizo kubwa ya mwezi wa saba ilipofika, mvua zikiwa zimepungua, tukafunga safari.

Kutoka Pangi hata Kalima tulikwenda kwa pikipiki tatu. Mtu ambaye hajasafiri hivyo na watoto asidhani ni mchezo. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka mitatu, alifungwa kwa kitenge mgongoni pa mamaye. Masufuria yalining'inia nyuma. Na kila tulipofika penye mto mdogo wenye daraja la magogo, wote walishuka wakavuka kwa miguu, madereva wakisukuma. Msituni kulikuwa na baridi ya asubuhi na harufu ya majani yaliyooza. Mvulana wetu wa miaka 11 alihesabu madaraja mpaka usingizi ukamshinda.

Kalima ni mji uliozaliwa na bati. Kampuni ya Symétain iliundwa mwaka 1932, ikachimba madini ya bati katika vilima vile, ikajenga nyumba za wafanyakazi kwa mistari na kupata umeme kutoka maporomoko ya maji. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Maniema na Kivu yaliunganishwa kuwa Sominki, nayo Sominki imekwisha kufa. Leo wachimbaji ni watu wenye sururu na karai, wakiosha mchanga mtoni kwa mikono yao. Kijito kimoja mvulana wetu alimkuta mwenzake wa kimo chake, amesimama katika maji hata kiunoni, wakaongea kidogo. Tulipomwuliza yule mtoto kama anasoma, alijibu: "Nilikuwa nikisoma." Hatukuongeza neno. Njia nzima ya kwenda Kindu mvulana wetu hakuhesabu tena madaraja.

Mtu atokaye Kalima huingia Kindu kwa upande wa Alunguli, na mbele yake kuna Lualaba. Watoto wa Pangi wajua mito, lakini mto huu uliwafunga vinywa. Tulivuka kwa mtumbwi wenye mashini, tukiwa tumebanana na mbuzi, magunia na baisikeli. Kitinda mimba alilia toka ng'ambo hata ng'ambo, na mama mmoja mchuuzi akamnyamazisha kwa ndizi. Kindu ni makao makuu ya Maniema tangu mwaka 1988, mkoa huu ulipotengwa na Kivu. Watoto waliona taa za barabarani, mikate, wanafunzi wa chuo kikuu, na saluni za nywele ambazo binti yetu mkubwa alizichungulia zaidi ya ilivyotupendeza.

Huko Kindu tulingoja treni siku nne. Kila asubuhi mvulana alitumwa stesheni kuuliza, na kila asubuhi alirudi na neno lilelile: "Kesho." Sisi wazazi tuliona aibu, maana tulikuwa tumewaahidi makubwa. Ili kuwatuliza tukawaeleza kwa nini reli ipo mahali pale. Kutoka Ubundu hata Kindu meli zapita. Lakini ukizidi kwenda juu mto wavunjwa na mawe, na karibu na Kongolo wasongwa kati ya magenge mahali ambapo wazungu walipaita Mlango wa Jehanamu. Kwa hiyo kampuni ya reli ya zamani ilijenga njia ya chuma kando ya mto, kilometa 355 kutoka Kindu hata Kongolo, ikamalizika mwaka 1910. "Na aliyebeba vyuma ni nani?" akauliza binti yetu. Tukamwambia kwamba ni watu kama babu zake, na kwamba si wote waliokwenda kwa hiari yao.

Siku ya tano treni ikaja. Wasafiri wenye watoto watuwie radhi tukiwapa shauri moja: asipande mtu pasipo chakula cha siku kumi, maji yaliyochemshwa, na chandarua. Chakula tulikuwa nacho: mchele, karanga, samaki wakavu, chikwanga. Chandarua tulikuwa tumekiacha Pangi kwa sababu mzigo ulikuwa mzito, na kosa hilo lilikuwa letu wenyewe.

Usiku wa pili kitinda mimba akashikwa na homa. Tulipofika Kibombo mwili wake ulikuwa wa moto kama jiwe la mafiga, naye hakulia tena, jambo lililotutisha kuliko kilio. Watu wakasema treni itakaa saa moja. Wengine wakasema itaondoka sasa hivi. Baba akamchukua mtoto mikononi akakimbia kutafuta mganga, mama akabaki na watoto watatu na mizigo, akiwa amesimama mlangoni pa behewa. Mwuguzi mmoja, ambaye jina lake hatukupata hata kuliuliza, alimchoma mtoto kidole, akaona malaria, akampa dawa na kutuonyesha namna ya kuendelea nayo. Honi ikalia. Wachuuzi waliokuwa behewani wakampigia kelele mtu wa treni kwamba baba bado, kwamba kuna mtoto mgonjwa, na mmoja wao, mama mnene mwenye magunia ya mchele, akaketi juu ya ngazi akaapa kwamba hatainuka. Hivyo ndivyo tulivyorudishwa pamoja. Alfajiri mtoto akaomba chikwanga.

Tulikuwa njiani siku tatu, usiku na mchana. Kongolo tuliingia jioni.

Nyanya alikuwa ameketi mbele ya nyumba juu ya kiti cha miti. Hakuinuka. Alitwambia tumletee watoto mmoja mmoja, akawapapasa: paji la uso, masikio, vidole. Ukungu ulikuwa umekwisha kuingia. Aliona mwanga na vivuli, basi. Mvulana wetu alipofika mbele yake akamshika kidevu akasema: "Huyu ndiye mume wangu. Mbona umechelewa hivi, bwana? Nimepika nikachoka." Watu wote wakacheka, na mvulana hakujua aweke wapi uso wake. Tangu saa ile hawakuachana. Alimwongoza kwenda kisimani, kwenda sokoni, kwenda kwa majirani, akimweleza kila kitu alichokiona njiani, naye nyanya akimsahihisha: "Hapo kulikuwa na mnazi. Umekatwa?"

Waliongea kwa Kiswahili. Yeye ni Mhemba, nao wamelelewa na Walega. Kilega chao hakukijua, na Kihemba chake wao hawakukijua hata neno moja. Tulikuwa hatujawahi kulifikiri jambo hili mpaka tulipowaona wameketi jioni, kikongwe na kijana, kila mmoja akiwa ameiacha lugha ya mamaye kando.

Mji wa Kongolo una daraja juu ya Lualaba ambalo hupitisha treni na watu. Tuliwapeleka watoto, wakasimama katikati wakitazama maji, na mvulana akamsimulia nyanya kwa urefu. Siku nyingine nyanya alitaka kupelekwa misioni. Alikuwa msichana mdogo tarehe 1 Januari 1962, siku wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu walipouawa na askari katika mji huo. Alisema alikimbilia mashambani na mamaye, na kwamba hapendi kusema zaidi. Alikaa pale kimya kitambo, mkono wake begani pa mvulana, kisha akasema twende tukale.

Tulikaa majuma mawili. Habari za kuagana tutaziacha.

Kurudi tulichagua njia nyingine. Tulishuka treni Samba, tukafika mtoni, tukavuka Lualaba kwenda upande wa mashariki, tukaingia Kasongo. Ni mji wa miembe mizee na wa misikiti; Wakristo na Waislamu wakaa ukuta kwa ukuta, na mara nyingi katika jamaa moja. Hapo ndipo Tippu Tip alipokuwa na makao yake, na tuliona ni wajibu kuwaeleza watoto. Tukawaambia habari za misafara ya pembe na watumwa, na za Nyangwe, si mbali na pale, ambako mwezi wa saba mwaka 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakiwapiga risasi wanawake sokoni, mamia wakafa kwa risasi na kwa maji. Tukawaambia kwamba mwaka 1876 Stanley alipatana na Tippu Tip amsindikize, na kwamba mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliiteka Nyangwe na Kasongo. Kisha hao waliojiita wakombozi wakaja na kiboko chao na kodi yao ya mpira.

Tulikuwa tukila wali. Mvulana akauliza: "Hawa watu wa Tippu Tip walisema lugha gani?"

Tukamjibu kwamba walisema Kiswahili, na kwamba watu wao, waliojiita Waungwana, ndio walioieneza katika Maniema. Kwa hiyo wazee waliiita Kingwana. Tena Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliandika habari za maisha yake kwa lugha hiyohiyo.

"Basi waliowafunga babu zetu waliwaamuru kwa maneno yetu haya?"

"Ndiyo."

"Na wali?"

"Wali nao waliuleta wao."

Akaitazama sahani yake muda mrefu. Mama yake akamwambia: "Mwanangu, pasipo Kiswahili ungesemaje na nyanya yako?" Naye akajibu kwa heshima, lakini bila kusita: "Mama, hilo si jibu. Hilo ni jambo lingine."

Tulikaa usiku ule tukizungumza sisi wawili, watoto wakiwa wamelala. Mmoja wetu aliona kwamba tulimwambia mapema mno. Mwingine aliona kwamba tulichelewa, kwa sababu mtoto wa miaka 11 ambaye ameimba, amesali na ametaniwa kwa lugha fulani, anayo haki ya kujua ilipitia mlango gani. Hatukupatana. Asubuhi mvulana alimaliza wali uliobaki, akaomba na ukoko.

Kutoka Kasongo tulikwenda tena kwa pikipiki, siku mbili za vumbi, mpaka Kampene, mji mwingine wa madini uliobaki na nyumba za kampuni bila kampuni. Hapo kuku tuliyepewa na nyanya, aliyesafiri nasi ndani ya kikapu toka Kongolo, alitaga yai, na watoto wakabishana ni la nani. Siku iliyofuata tulikuwa Pangi. Fedha tulizokopa bado twazilipa.

Juma lililopita mvulana ameandika barua kwenda Kongolo. Jirani wa nyanya atamsomea. Hakutuonyesha yote, ila alikuja kuuliza neno moja: iandikwe "mume wako" au "mumeo"? Tulimwambia yote mawili ni sahihi, achague. Barua imefungwa, iko juu ya rafu, yangoja mtu aendaye Kindu.