Safari ya Amani, Nchi ya Ukungu na Chai

Sisi tukaao pwani, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi, tumezoea nchi ya chini, yenye minazi na mikorosho na jua lisilo na huruma. Mtu wa kwetu akitamani baridi hupanda Rondo, ile nchi ya juu iliyo nyuma ya Lindi, ambako asubuhi nguo moja haitoshi. Lakini Rondo si nchi ya chai. Chai tunywayo kila siku pamoja na muhogo wa kuchemsha hutoka mbali, na wengi wetu hatujapata kuuona mti wake. Mtoto mmoja wa darasa la ubatizo alituuliza kama chai ni mbegu mfano wa ufuta, au ni magome ya mti yaliyosagwa.

Basi, korosho zilipokwisha kuuzwa, tuliondoka mume na mke kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza. Wako waliosema kwamba nauli ile ingalifaa mabati ya jiko. Huenda wamesema kweli. Lakini mume na mke wakaao miaka ishirini wakihesabu mabati tu, siku moja hukosa la kuzungumza. Tena tulikuwa na haja nyingine, ambayo tutaieleza mahali pake.

Zamani msafiri wa kusini alizuiwa na mto Rufiji, akangoja pantoni, na wakati wa mafuriko akangoja zaidi. Tangu mwaka 2003 liko daraja, nalo laitwa kwa jina la Rais Mkapa, aliyekuwa mtu wa kusini. Hata hivyo njia ile haijaacha kutujaribu, kwani Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata huko Somanga, watu wa Lindi wakawa kama wakaao kisiwani. Safari hii tulipita salama, tukalala Dar es Salaam, na siku ya pili tukafika Muheza.

Kabla ya kupanda mlima tulikwenda kusali Magila, mahali paitwapo pia Msalabani. Kwetu sisi wa kusini Magila ni kama dada mkubwa. Misioni ile ilianza katika miaka ya 1860, na mwaka 1876 Askofu Steere alishuka Lindi, akaenda kwa miguu hata Masasi pamoja na watu waliofunguliwa utumwa huko Unguja. Wengi wa watumwa wa pande zile walikuwa wamepitishwa Kilwa Kivinje, wakauzwa kama mizigo. Tulipoyakumbuka hayo, mama watoto alikaa kimya kitambo kirefu, kwani kwao ni Kivinje.

Toka Muheza hata Amani ni kama kilometa 35, na nusu ya mwisho ni kupanda na kuzunguka. Penye mto Zigi tuliona nyumba ya zamani ya Wadachi, ambayo ilikuwa ya msimamizi wa stesheni, kwa maana hapo ndipo ilipokoma reli nyembamba waliyoijenga ili kuteremsha magogo. Toka hapo msitu hufunga njia pande zote mbili. Joto likatuacha kama mtu aagaye bila kusema neno. Tulipofika juu, kiasi cha mita 900 toka bahari, ukungu ulikuwa umeshuka hata hatukuiona miti iliyo hatua thelathini mbele yetu. Mama watoto alikuwa amejitanda kanga mbili. Akaomba na koti la mumewe, akapewa.

Mwaka 1902 Wadachi waliweka hapo chuo cha kuchungua mimea, wakapanda miti ya kila namna iliyoletwa toka nchi za mbali: mikafuri, mikwinini, na mingine mingi. Katika vita ya mwaka 1914 hata 1918, dawa ya kwinini ilipokatika kuja kwa meli, walitengeneza yao hapo Amani kwa magome ya miti ile. Miti mingine ingaliko. Liko pia ua dogo la rangi ya zambarau, liotalo kwenye miamba yenye unyevu, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya, likapewa jina lake mwaka 1893. Leo lauzwa katika vyungu dunia nzima, na huku kwao mpita njia huweza kulikanyaga asijue.

Na sasa chai. Tulidhani tutaona vichaka. Tukaona kama mkeka wa kijani uliotandikwa juu ya vilima, umekatwa sawasawa kwa urefu wa kiuno. Kumbe mchai ukiachwa huwa mti mrefu. Ni mkono wa mtu uuzuiao kila mara usikue, ili utoe machipukizi daima. Wachumaji huchukua majani mawili machanga na chipukizi lake, wakatupa kapuni mgongoni, na baada ya siku saba hata kumi na nne hurudi penye mti ule ule. Mama mmoja alimwonyesha mama watoto jinsi ya kukata kwa ncha za vidole bila kuvuta. "Mama Mwalimu," akasema, "ukivuta wauumiza mti, na mwenye mizani atalitupa jani lako." Malipo hufuata uzito, naye huanza kazi umande ukingali juu ya majani. Jani bichi halikai. Hutandazwa linyauke usiku kucha, hukatwa na kusagwa, huachwa lichachuke hata ligeuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa kwa moto. Kilo nne na nusu au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai. Tangu siku ile hatumwagi iliyobaki birikani.

Lakini yafaa kusema na upande wa pili. Kila kilima chenye chai kilikuwa msitu, na mashine za kukaushia zataka kuni. Msitu ule ndio ushikao mvua, karibu milimeta 2,000 kwa mwaka, ambayo ni kama mara mbili ya ile ya Lindi. Na mto Zigi utokao humo ndio unyweshao mji wa Tanga. Kwa hiyo Serikali iliutenga msitu wa Amani kuwa hifadhi mwaka 1997. Wenyeji wengine husema walipoteza mashamba ya iliki kwa ajili ya hifadhi; nao wana haki ya kusikilizwa, maana mtu hali ukungu.

Haja yetu nyingine ilikuwa hii. Katika mwaka 1952 baba mdogo wa shangazi ya mama watoto aliondoka Kivinje kwenda Tanga kuwa manamba, yaani mfanya kazi wa mkonge aitwaye kwa namba yake badala ya jina. Wakati ule vijana wengi walichukuliwa hivyo, wakapewa kipande cha siku thelathini. Miaka mitatu baadaye ilikuja barua moja, imeandikwa kwa mkono wa mwalimu, kwamba ameuacha mkonge, amepanda kwenye mlima wa chai, na amebatizwa. Baada ya hapo haikuja habari tena. Matanga yake hayakukaliwa, kwani nani awezaye kumlilia mtu asiyejulikana kama amekufa?

Tuliuliza kwa siku mbili. Bibi kizee mmoja, tulipokwisha kumwamkia, alisema kwamba utotoni mwake ilikuwako safu ya nyumba za watu wa kusini, nao walikuwa wakipiga ngoma zao usiku wa Jumamosi. Akatuonyesha mahali pa makaburi chini ya miti, karibu na mwisho wa shamba. Hakuna jiwe wala jina. Ni matuta tu, na mengine yamekwisha kuwa sawa na nchi. Ndipo mzee wa kanisa la hapo akatufungulia daftari la kale la maziko. Katika mwaka 1961 tulikuta mstari mmoja: Yohana, wa shamba la chai, mtu wa Kilwa, homa. Jina la baba yake halikuandikwa, wala jina la nyumbani. Barua ya mwaka 1955 haikutaja jina la ubatizo.

Mmoja wetu alitaka kuamini papo hapo, na mwenziwe akasema watu wa Kilwa walikuwa wengi. Tulibishana kwa upole njia yote ya kurudi makaburini. Huko tulisali sala za waliofariki pasipo kutaja jina, kwa wote waliolala mahali pale, na mama watoto akapanda bua la muhogo alilolichukua toka kwetu, ingawa tulimwambia kwamba baridi ile hailipendi.

Tuliunakili mstari ule, mzee wa kanisa akaushuhudia kwa mkono wake. Nakala imekwisha kufika Kivinje kwa shangazi. Yeye ni mkubwa wa ukoo, naye alimwona baba yake mdogo akiondoka. Ndiye atakayesema kama matanga yakaliwe sasa.